Machicha na mawe kwa mgonjwa mwenye mpira wa mkojo wa kudumu: mwongozo kamili kwa sisi tunaouguza nyumbani

Siku ya kwanza nilipopasua mpira wa zamani wa baba, nesi alikuwa ameshautoa anataka kuutupa kwenye ndoo ya taka, nikamwambia sista naomba huo usiutupe. Nikauosha, nikauweka juu ya gazeti pale uani, nikachukua wembe mpya nikaupasua toka kwenye ncha kushuka chini. Ndani nilikuta ukoko, ule ule unaouona kwenye birika la kuchemshia maji ya kisima, mweupe unaelekea njano, ukiugusa kwa kidole unasagika kama mchanga. Tundu la kupitishia mkojo lilikuwa limebaki dogo, hata njiti ya kiberiti haipiti.

Hapo ndo nikaelewa kwanini mzee alikuwa anahangaika na mpira kuziba kila baada ya wiki mbili. Baba alianguka kutoka kwenye mnazi Pangani, uti wa mgongo ukavunjika usawa wa kifua, toka siku hiyo anaishi na mpira wa mkojo. Katika miezi michache tulikuwa tumeshapewa antibayotiki mara 3, kila tukienda tunaambiwa mkojo mchafu, mpeni dawa, mnywesheni maji. Hakuna aliyeuangalia ule mpira kwa ndani na hakuna aliyesema tupige ultrasaundi. Siku ilipopigwa wakakuta mawe 2 ndani ya kibofu.

Mimi sio daktari, namuuguza baba mwaka wa 4 sasa, na haya nimeyapata kwa manesi na madaktari waliokuwa na subira ya kunijibu, pamoja na kusoma usiku mzee akiwa amelala. Nayaandika kwa sababu najua kuna dada saa hizi yuko peke yake chumbani na mama yake, mfuko mkavu, na hajui aanzie wapi.

Kwanza elewa yale machicha yanatoka wapi

Watu wengi tunadhani ni uchafu tu, au chakula, au mgonjwa hanywi maji. Maji yanachangia ila kiini chake ni bakteria. Mpira ukikaa mwilini kama mwezi hivi karibu kila mgonjwa anakuwa na bakteria kwenye mkojo, hilo halikwepeki hata uwe msafi vipi. Sasa kati ya hao bakteria kuna mmoja anaitwa Proteus mirabilis, huyu ndo fundi wa kutengeneza mawe. Anaivunja yurea iliyopo kwenye mkojo inakuwa amonia (ndo ile harufu kali inayochoma pua ukifungua mfuko), mkojo unaacha uchachu wake unakuwa kama maji ya magadi, na ukishafika hapo madini yaliyokuwa yameyeyuka, kalsiamu, magnesiamu na fosfati, yanaganda. Yanaganda kwenye ncha ya mpira, kwenye vile vitobo vya kuingizia mkojo, kuzunguka puto (kale kanakojazwa maji ndani ya kibofu ili mpira usichomoke), na mengine yanaelea ndo machicha unayoyaona kwenye bomba la mfuko.

Karibu nusu ya watu wenye mpira wa muda mrefu wanapata tatizo hili. Nusu nyingine wanakaa miezi wala hawajui machicha ni nini, kwahiyo usijilinganishe na jirani ukaona wewe ndo unamtunza vibaya mgonjwa wako.

Na ukishajua kwamba ni bakteria na amonia utaelewa pia kwanini kumkataza mgonjwa maziwa, dagaa au mchicha hakusaidii. Mawe haya ni ya maambukizi sio ya chakula. Nimeona mzee mmoja amekonda kwa kunyimwa dagaa na maziwa mwaka mzima na mpira wake ukawa unaziba vile vile.

Hatua ya 1: ujue mpira uliomo

Angalia pale mwisho kwenye kale kamdomo ka kujazia puto, pameandikwa namba. Fr 14, 16 au 18 ni unene wa mpira, na Fr 3 ni sawa na milimita 1, kwahiyo 16 ni kama milimita 5 na kidogo kwa nje. Rangi ya kamdomo nayo inakwambia hata kama maandishi yamefutika, kijani ni 14, chungwa ni 16, nyekundu ni 18. Pembeni yake kuna namba ya mililita ambayo ni ujazo wa puto. Kwa mtu mzima wa kawaida puto la 10 linatosha. Puto kubwa la 30 lina kazi zake hasa baada ya upasuaji wa tezi dume, ila kwa kukaa nalo miezi linakera kibofu na linaacha mkojo mwingi umetuama chini, na huko ndo machicha yanalala.

Halafu uliza umetengenezwa na nini. Ile ya rangi ya njano au kahawia tunayouziwa sana ni ya mpira wa lateksi, mara nyingi imepakwa silikoni juu, na kwa mgonjwa wa machicha usitegemee ivuke wiki 4. Ile ya silikoni tupu inaonekana kama kioo, unaona mkojo ukipita, inaweza kukaa mpaka wiki 12 kwa asiye na tatizo la kuziba. Kuta zake ni nyembamba, kwahiyo kwa namba ile ile ya 16 tundu lake la ndani ni kubwa zaidi. Ni ghali kuliko ya njano, hilo sikufichi, ila kwetu hesabu ilituonyesha kwamba mipira 2 ya njano pamoja na bodaboda za usiku ilikuwa inatugharimu zaidi. Usidhani silikoni haishiki ukoko, inashika, ila inachelewa kuziba.

Jambo moja la kumkumbusha anayeweka: puto linajazwa maji safi ya sindano, sio maji ya chumvi ya dripu, maana chumvi inaweza kuganda kwenye kanjia kembamba halafu siku ya kutoa puto linagoma kunywea.

Hatua ya 2: maji, na namna ya kuyagawa

Kila mtu anasema mnyweshe maji lakini hasemi vipi. Lita 2 mpaka 2 na nusu kwa siku kwa mtu mzima, isipokuwa kama ana ugonjwa wa moyo au figo, huyo uliza kwanza daktari wake kiasi. Kosa tulilokuwa tunalifanya sisi ni kumpa lita nzima asubuhi, halafu kuanzia jioni hakuna kitu mana tunaogopa mfuko kujaa usiku. Matokeo yake alfajiri mkojo ni mzito kama chai ya rangi na machicha yote yanatokea muda huo. Sasa hivi nina chupa 4 za nusu lita zimepangwa dirishani, moja ikiisha kabla ya saa 5 asubuhi, ya pili alasiri, ya tatu magharibi, ya nne anakunywa kidogo kidogo mpaka kulala na akiamka kugeuzwa saa 8 usiku anapata glasi. Uji, chai, maji ya madafu, supu, vyote vinahesabika.

Limao nalo lina nafasi yake. David Stickler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cardiff kule Wales walihangaika miaka mingi na hii mipira inayoziba, na moja ya waliyoyaona ni kwamba mtu akinywa maji mengi pamoja na vinywaji vya jamii ya limao mkojo wake unakuwa mgumu kuganda, yani unahitaji kufika kwenye hali ya magadi kali zaidi ndo madini yashike. Kwahiyo sisi tunakamulia limao kwenye maji yake mara mbili au tatu kwa siku. Sio tiba, ni msaada, na kama ana vidonda vya tumbo usimlazimishe.

Usimpe maji ya magadi wala baking soda kwa kudhani unamsafisha kibofu. Nimesikia ushauri huo zaidi ya mara moja. Mkojo wake tayari uko upande wa magadi, unaongeza kuni kwenye moto, na ile sodiamu inapandisha presha. Na hizi chupa za mitishamba ya kuyeyusha mawe naomba kwa moyo wote uziache, mawe haya hayayeyushwi kwa kunywa dawa ya chupa na baadhi zinaumiza figo.

Hatua ya 3: mkao wa mgonjwa na mfuko

Hapa nitaenda haraka mana mengi unayajua. Mfuko ukae chini ya kibofu muda wote lakini usiguse sakafu, sisi tumepiga ndoano ya waya kwenye chaga ya kitanda. Mimina ukifika kati ya nusu na robo tatu, usisubiri uvimbe. Bomba lisijikunje wala mgonjwa asililalie. Mpira ufungwe pajani kwa plasta au mkanda laini ili ukivutwa usivute kwa ndani. Osha pale unapoingilia kwa maji na sabuni ya kawaida kila siku, hakuna haja ya dettol wala spiriti kwenye ngozi ile.

Ila mkao wa mgonjwa ni kitu nilichochelewa sana kukijua. Mtu akilala chali siku nzima machicha yanatuama chini ya kibofu, kama mchanga chini ya mtungi, wakati vitobo vya mpira viko juu kidogo. Juu ya hapo mifupa ya mtu asiyetembea inapoteza kalsiamu na inapita kwenye mkojo huo huo. Mkalishe. Baba tunamkalisha kwenye kiti asubuhi na jioni, na usiku anageuzwa kila masaa mawili, ambayo tulikuwa tunafanya kwa ajili ya vidonda lakini inasaidia na huku.

Na choo. Utumbo ukijaa choo kigumu unakandamiza njia ya mkojo, mpira unakuwa kama umeziba au mkojo unapita pembeni unalowesha godoro. Mara ngapi watu wanakimbilia kuweka mpira mnene zaidi kumbe mgonjwa hajapata choo siku 5. Papai, mboga za majani, na dawa ya choo kama daktari ameruhusu.

Hatua ya 4: daftari

Kama utachukua kitu kimoja tu kwenye maandishi haya chukua hiki. Nunua daftari dogo, kila mpira ukiwekwa andika tarehe, namba, aina, na siku ukitoka andika sababu, umeziba au umetolewa kwa ratiba. Usiku ule nilipolifungua daftari la baba mbele ya daktari lilikuwa linasomeka hivi: siku 13, siku 11, siku 14, siku 9. Daktari aliangalia zile namba nne akaweka kalamu chini akasema huyu apigwe ultrasaundi leo. Maelezo yangu ya mdomo ya miezi yote hayakuwahi kumfikisha mtu hapo.

Baada ya mipira 3 mpaka 5 utaona tabia ya mgonjwa wako. Chukua siku ile fupi kuliko zote, toa siku 3 au 4, hiyo ndo ratiba yenu ya kubadilisha. Kama unaziba siku ya 24, 27, 26 basi badilisha siku ya 20. Usifuate ya kila mwezi kwa sababu kadi imeandikwa kila mwezi. Unabadilisha mchana, nesi yupo, mgonjwa ametulia, sio saa 9 usiku na jasho. Na namba zikianza kushuka bila sababu, leo 26, mara 19, mara 12, hiyo ni dalili ya mawe mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Hatua ya 5: soma mpira wa zamani

Kila ukitolewa uombe. Vaa glavu. Kwanza uangalie kwa nje, ncha ina kofia nyeupe? Pale puto lilipokuwa kuna magamba kama ganda la yai? Haya magamba ni ya kuangalia sana, mana puto likinywea yanabanduka na kubaki ndani ya kibofu, na kipande kimoja kinatosha kuwa mbegu ya jiwe. Halafu uviringishe kati ya dole gumba na kidole cha shahada ukishuka nao taratibu, ukisikia kama unakanyaga mchanga ujue kuna ukoko. Mwisho upasue kwa wembe ukikatia upande usio na mkono wako, uone ukoko umeanzia wapi na umejaa kiasi gani. Piga picha kwa simu, andika kwenye daftari. Mpira uliotolewa siku ya 20 ukiwa umeziba nusu unakwambia ratiba yako iko sawa, ukiwa msafi kabisa unaweza kuongeza siku chache, ukiwa umebaki kama tundu la sindano punguza.

Kama siku ya kutoa puto halinywei, au mpira unakuja kidogo unagoma, mwambie anayetoa asivute kwa nguvu, na nyumbani usikate ule mpira kwa mkasi kwa kudhani maji yatatoka yenyewe. Huenda ukoko umelishika puto. Ni kazi ya hospitali yenye vifaa.

Hatua ya 6: usiku umeziba, unafanya nini

Mfuko haujaongezeka kwa masaa mawili na mgonjwa anakunywa vizuri. Usianze kuogopa, anza kwa mpangilio. Fuata bomba kwa mkono toka mwilini mpaka kwenye mfuko, kama limekunjwa au limelaliwa likunjue. Mfuko uko chini? Umejaa mpaka juu? Mgeuze mgonjwa upande, mkalishe kama inawezekana, mara nyingi ncha imegusa ukuta wa kibofu tu na akikaa unasikia mkojo unashuka. Bado? Nawa mikono, vaa glavu, tenganisha mfuko na mpira juu ya beseni safi. Mkojo ukimwagika kwenye beseni basi kilichoziba ni bomba la mfuko, weka mfuko mpya umemaliza. Mkojo usipotoka, mpira wenyewe umeziba.

Hapo mgonjwa wa machicha anahitaji mpira mpya, sio kesho. Kibofu kikijaa mkojo unarudi juu kwenye figo pamoja na bakteria wake.

Kwa mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo usawa wa kifua au juu zaidi kuna hatari nyingine ambayo hata baadhi ya wahudumu hawaijui, nawaombeni sana muikariri. Yeye hasikii maumivu ya tumbo. Baba kibofu kikijaa anachosema ni kichwa kinanigonga, uso unakuwa mwekundu na jasho linamtiririka usoni wakati miguu ni ya baridi na vinyweleo vimesimama, na presha inapanda ghafla. Presha hiyo inaweza kuleta kiharusi. Mkalishe wima mara moja, miguu ininginie, fungua mkanda na nguo za kubana, na mpira utolewe uwekwe mwingine haraka iwezekanavyo. Ukifika mapokezi usiseme mzee kichwa kinamuuma, sema ameumia uti wa mgongo, mpira umeziba na presha imepanda, anahitaji mpira sasa hivi. Sisi tuliwahi kupewa panadol na kuambiwa tukae foleni kwa sababu nilieleza vibaya.

Ndo mana kwenye begi letu mlangoni muda wote kuna mpira 2 za namba yake, mfuko mpya, jeli ya ganzi, glavu za kuzuia vijidudu, sirinji ya 10, maji ya sindano na daftari. Zahanati usiku inaweza kuwa na nesi lakini isiwe na namba 16.

Kuosha kibofu, nisikilize vizuri hapa

Hili ndo linaulizwa kuliko yote. Kupitisha maji ya chumvi ya dripu kwa sirinji kunasukuma machicha laini, makamasi na damu iliyoganda. Hakuyeyushi ukoko. Ukoko unayeyushwa na maji ya tindikali ya limao yanayotengenezwa maalum hospitali, sio limao la sokoni, na kwetu kuyapata ni shida. Tafiti zilizofanyika mpaka sasa hazijaonyesha wazi kwamba kuosha kila siku kunazuia kuziba, na kila ukitenganisha mpira na mfuko unafungua mlango kwa bakteria wapya. Kwahiyo usioshe kama ratiba ya kupiga mswaki. Osha pale daktari au nesi amesema, na amekufundisha kwa macho yako mara moja au mbili.

Ukishafundishwa, inakwenda hivi. Chupa mpya ya maji ya chumvi isiyofunguliwa, iwe na joto la chumbani sio ya friji. Nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, tandika kitambaa safi chini ya mpira, vaa glavu za kuzuia vijidudu. Futa pale mpira unapoungana na mfuko kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke, tenganisha, na mdomo wa mfuko usiuache ukaning'inia ukagusa shuka. Tumia ile sirinji kubwa ya 50 au 60 yenye mdomo mnene, vuta mililita 30 mpaka 50, sukuma pole pole kabisa, mkono wako usisikie kushindana. Toa sirinji, shusha mpira chini kwenye beseni uache maji yarudi yenyewe kwa uzito wake. Usivute kwa sirinji, ukivuta unanyonya ukuta wa kibofu kwenye vitobo na unaujeruhi. Maji yakirudi na machicha rudia mara moja au mbili. Yakiingia yasirudi, simama, usiongeze hata tone, mpira ubadilishwe. Yakigoma kuingia, simama pia. Kwa mgonjwa wa uti wa mgongo kama baba sisi mpira ukiziba hatuoshi kabisa, tunabadilisha.

Chupa iliyobaki imwage, usiihifadhi ya kesho kutwa. Na maji ya bomba yaliyotiwa chumvi jikoni hapana.

Antibayotiki

Mkojo wa ukungu, machicha, harufu, peke yake sio sababu ya dawa. Bakteria wamejenga kwenye ukoko kama mchwa kwenye kichuguu, dawa inawapunguza wiki moja wanarudi, na wanaorudi ni wale waliokwisha kuizoea dawa. Mfuko ukigeuka rangi ya zambarau nako usishtuke wala usiite mtu wa kuagua, ni bakteria wanabadilisha kitu kwenye mkojo kinagusana na plastiki ya mfuko, hutokea sana kwa asiyepata choo vizuri. Badilisha mfuko, tibu choo, mtajie nesi.

Dawa inahitajika akiwa na homa, kutetemeka, maumivu ya ubavu, kutapika, kuchanganyikiwa ghafla au kulegea kusiko kwa kawaida. Siku hiyo ni hospitali bila kusubiri asubuhi, na omba vitu viwili: kama mpira una zaidi ya wiki 2 ubadilishwe kwanza, na mkojo wa kuotesha (wa kupima maabara ni bakteria gani) uchukuliwe kutoka kwenye mpira mpya, sio kwenye mfuko. Mkojo wa mfuko umelala humo siku nzima, majibu yake yatakuonyesha wadudu wa mfuko.

Ikithibitika ni mawe

Dalili zilizotufikisha sisi ni zile namba za daftari, damu kidogo kidogo kwenye bomba, na vipande kama mchele uliovunjika chini ya mfuko. Ultrasaundi inayaona mawe ya kibofu, mengi yanaonekana pia kwa eksirei, na muombe anayepima aziangalie na figo siku hiyo hiyo mana mawe ya aina hii yanaweza kujenga hata huko juu. Kama mgonjwa amekulia Kanda ya Ziwa au mwambao kwenye kichocho na anatoa damu, taja hilo pia, na damu isiyokoma kwa mtu mwenye mpira wa miaka mingi inatakiwa kibofu kiangaliwe kwa kamera, mana mpira wa muda mrefu unaongeza hatari ya saratani ya kibofu.

Mawe yenyewe yanatolewa, hayasubiriwi. Madogo yanavunjwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo na vipande vinaoshwa vyote, makubwa yanatolewa kwa kupasua sehemu ndogo chini ya kitovu. Madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo wapo hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando, omba rufaa kwa maandishi. Bakteria wanaishi ndani ya jiwe lenyewe, kwahiyo kama jiwe limebaki hata ubadilishe mipira 20 kila mpya utapakwa upya ndani ya siku chache. Hiyo ndo sababu kwa baba hakuna dawa iliyosaidia mpaka yalipotoka.

Na ukiwa mbele ya bingwa muulize swali ambalo sisi tulichelewa miaka 2 kuuliza, kwamba je mpira huu bado ni lazima? Mwenye tezi dume huenda alitakiwa afanyiwe upasuaji akasahaulika kwenye foleni. Mwenye mikono mizima anaweza kufundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mdogo mara 4 mpaka 6 kwa siku na asikae na kitu ndani, na mawe yanapungua sana. Wengine unawafaa mpira wa kupitia tumboni, huo unaziba pia lakini kubadilisha ni rahisi na hauumizi njia ya chini. Baba njia yake ilishaumia, tumepewa tarehe ya kwenda kuzungumzia huo wa tumboni.

Kwa sasa anatumia silikoni namba 16. Toka mawe yatolewe daftari linasema siku 31, 34, 30. Leo ni siku ya 19, mkojo unashuka safi bila machicha, na sista anakuja siku ya 26 saa 4 asubuhi.